Kisu cha Sarafu Kinapogoma: Dalili, Sababu na Tiba

Kisu ninachokizungumzia hapa ni kile kidogo cha kukunja: sarafu mbili za fedha zimefanywa mbavu za mpini, na katikati yake umelala ubapa wa chuma pamoja na springi yake. Ukikifunga kinakaa kiganjani kama sarafu nene. Ukikifungua una makali ya sentimita mbili hadi tatu, yanayotosha kumenya ngozi ya korosho, kuchonga penseli au kukata uzi wa mshipi. Huku Mtwara na Mikindani sarafu hizo bado zinatoka kwenye masanduku ya bibi zetu: rupia za Kihindi, rupia za Mjerumani, reale, shilingi za simba.

Wanaoniletea visu vilivyoharibika hudhani kila ugonjwa una chanzo chake. Mimi ninachokikuta mara nyingi ni kosa lilelile: fundi ameipa fedha kazi ya chuma. Kwa hiyo kabla hujawasha moto wala kushika nyundo, fungua kisu, kiangalie kwenye mwanga mzuri, ujiulize mzigo unabebwa na nini pale palipoharibika.

Tupa inaonyesha rangi nyingine chini ya weupe

Umeanza kusawazisha mgongo wa sarafu, na chini ya weupe panatokea wekundu au umanjano. Hujakosea kazi, umekosea sarafu. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya kuanzia 1921 hadi 1946, ina fedha robo tu. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ni shaba nyekundu na nikeli. Ni nzuri kwa mazoezi, na anayejifunza kwangu huanzia kwenye hizo, lakini usimuuzie mtu ukamwambia ni fedha.

Sarafu za kazi ni mbili. Rupia, iwe ya Kihindi au ya Mjerumani, ina gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo sehemu 917 ni fedha. Upana wake ni milimita 30 na kidogo. Reale ya Maria Theresa, ambayo wazee waliiita reale ya Sham, ina gramu 28.07, fedha sehemu 833, na upana wa milimita 40 hivi. Usishangae kuona kila reale imeandikwa 1780. Huo ndio mwaka aliofariki Maria Theresa, malkia wa Austria, na sarafu imeendelea kupigwa kwa tarehe ileile hadi leo. Tarehe haikuambii umri wake, wala haikuambii kama ni halisi.

Mizani itakuambia. Pima sarafu ikiwa kavu kwenye mizani ndogo ya sonara. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe huku umeishikilia, isiguse chini wala ukingo wa kikombe. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Reale halisi itaonyesha karibu gramu 2.75 majini, rupia karibu 1.13, na kwa zote mbili jibu la kugawanya linazidi 10 kidogo. Ukipata 8 na nusu au 9, umeshika shaba iliyopakwa weupe.

Na zipo sarafu za kutokata kabisa. Mtu akikuletea vijisarafu vya Kilwa vyenye maandishi ya Kiarabu, alivyookota ufukweni au shambani, weka tupa chini. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Mwelekeze kwa afisa utamaduni wa wilaya. Kwa mpaka huohuo wa 1863, rupia za 1835 na 1840 nazo ziache. Reale ina utata kwa kuwa tarehe yake haisemi kitu, ndiyo maana kazi zangu nyingi ni za rupia za Mjerumani, ambazo hakuna iliyopigwa kabla ya 1890. Hata kwa hizo, ile kubwa ya rupia mbili ya 1893 na 1894 ni adimu mno kuwa mpini wa kisu.

Sarafu inapasuka ukingoni

Wengi huigonga rupia iwe na umbo la yai ili ubapa urefuke. Sikiliza nyundo. Mwanzoni sauti ni butu, kisha inakuwa kali na nyundo inaanza kuruka. Hapo fedha imekakamaa, na ukiendelea ufa utaanzia kwenye meno ya ukingo, kwa sababu kila jino ni mkato mdogo unaosubiri kufunguka.

Kwanza piga tupa meno yote hadi ukingo uwe laini. Halafu irudishe sarafu motoni, kwenye kona yenye giza, kwani juani huwezi kuiona rangi ya moto. Pasha hadi itoe wekundu hafifu kama wa kaa linalokaribia kuzimika, yaani nyuzi 650 hivi, acha wekundu upotee, kisha izamishe majini. Hapa fedha na chuma vinapishana: chuma chenye kaboni ukikizimisha kikiwa chekundu kinakuwa kigumu kama kioo, fedha inatoka laini. Uso ukianza kung'aa kana kwamba umelowa, ondoa moto upesi. Kuanzia nyuzi 780 hivi sarafu hizi huanza kuyeyuka.

Ufa uliokwishatokea usiuzibe kwa lehemu. Utarudi. Ukate wote kwa tupa, ukubali mpini mdogo zaidi. Na gonga mgongoni tu, picha ikiwa imelalia ngozi nene.

Inatoka motoni na madoa ya zambarau

Ni shaba iliyomo ndani ya fedha imeungua. Paka uji wa boraksi, ile chumvi nyeupe ya kulehemia, pande zote kabla ya kupasha na madoa yatapungua sana. Yaliyotokea yaloweke katika maji moto ya ndimu na chumvi, au ya ukwaju kama masonara wa zamani walivyofanya, kisha sugua. Usiingize koleo la chuma humo ndani. Chuma kikigusa dawa iliyokwishatumika, shaba iliyoyeyuka humo inarudi kuishika fedha na sarafu inatoka nyekundu yote. Tumia kijiti cha mwanzi.

Fedha inaliwa mashimo

Sarafu iliyowahi kuwa kidani au kifungo cha nguo mara nyingi iliungwa kitanzi kwa lehemu laini ya risasi na bati. Mabaki yake ni doa la kijivu lisilong'aa, dogo kama punje ya ufuta. Ukipasha sarafu kwa ajili ya lehemu ya fedha, doa hilo linazama ndani na kuacha shimo. Hakuna dawa baada ya hapo. Likwangue lote kwa ncha ya kisu kabla ya moto wowote, mpaka uone weupe safi.

Ubapa unacheza

Huu ndio ugonjwa ninaoletewa zaidi, na mimi mwenyewe niliusababisha. Mama mmoja anayemenya korosho alinirudishia kisu baada ya msimu mmoja tu. Akakitikisa karibu na sikio langu. "Fundi, kisu chako kinacheza kama jino la mtoto." Nilipokifungua niliona: pini ya milimita 2 nilikuwa nimeipitisha moja kwa moja kwenye rupia. Kila alipobana punje na kukwangua ngozi, pini iliisukuma fedha upande uleule, na tundu lililokuwa duara limekuwa yai. Ubapa ulikuwa mzima, springi nzima, pini haikuwa na mkwaruzo. Fedha ndiyo iliyokubali. "Samahani mama," nikamwambia, "hili kosa ni langu." Nikakitengeneza upya bila malipo.

Tiba yake ni kuweka bamba la shaba ya njano, unene wa nusu milimita, ndani ya kila sarafu. Tundu la kwenye shaba liwe la kubana. La kwenye fedha lipanue kwa nje liwe kama kikombe kidogo. Kichwa cha pini kitajaa humo, lakini mzigo utakaa kwenye shaba. Sarafu yenyewe ishike kwenye bamba kwa pini ndogo mbili za fedha zilizokatwa kwenye mabaki ya sarafu ileile. Zikisawazishwa hazionekani, na hapo fedha imebaki na kazi yake ya kupendeza.

Kabla ya kufungua kisu, tambua kinavyocheza. Kikicheza kushoto na kulia, pini imelegea tu, na mapigo machache mepesi kwenye kichwa chake yanatosha. Kikicheza juu na chini, kuna tundu lililopanuka, na kuigonga pini hakusaidii. Utakibana hadi kisifunguke, na bado kitacheza.

Pini inayobana kupita kiasi nayo ina dawa rahisi. Kata ukanda kwenye kopo la soda, uchonge mwanya wa umbo la V upande mmoja, uuingize kati ya ubapa na bamba ukiikumbatia pini. Gonga pini hadi kisu kikaze. Vuta ukanda utoke. Nafasi inayobaki ni nyembamba kuliko unywele wa mkia wa ng'ombe, na ndiyo hasa ubapa unayoihitaji.

Springi haina nguvu, au imevunjika

Kisu kizuri cha kukunja kina mlio: kikifika mwisho wa kufunguka kinagonga "tak". Kisipogonga, tazama kwanza rangi ya springi. Kama umeikata kwenye msumeno wa zamani wa mbao, na mimi sijui chanzo kizuri kuliko hicho kwa visu vidogo, ilikuja ikiwa tayari na ugumu wa springi. Lakini ukiinoa kwenye jiwe la umeme bila kuichovya majini, inapita rangi ya bluu na kuwa kijivu, na hapo nguvu imeondoka. Itie moto mwekundu, uizimishe katika mafuta ya ufuta yaliyopashwa kidogo, isugue ing'ae, halafu ipashe taratibu juu ya bati hadi iwe bluu yote. Hiyo ni karibu nyuzi 300. Ubapa, ambao unataka makali, unaishia kwenye rangi ya manjano ya majani makavu, nyuzi 220 hadi 230. Ukivichanganya hivi viwili utapata ubapa usiokata na springi inayovunjika.

Rangi ikiwa sawa na mlio bado hakuna, springi haina mkazo. Kisu kikiwa nusu wazi, mgongo wa springi unapaswa kuinuka kama nusu milimita juu ya mpini, na ukae sawa na mpini kikiwa wazi kabisa au kimefungwa. Usipoinuka, ubapa hauna kinachoushikilia, na huo ndio utakaofunguka mfukoni na kukuchoma paja.

Iliyovunjika itazame pale ilipovunjikia. Karibu kila mara nakuta mkwaruzo wa tupa uliopita kwa mapana. Springi malizia kwa msasa wa urefu tu, kutoka kichwa hadi mkia.

Makali yanakatika sehemu ileile kila mara

Kisu kinapofungwa makali yanaipiga springi kwa ndani. Kisigino cha ubapa, sehemu inayobaki ndani ya mpini, kimepigwa tupa mno. Huwezi kukirudishia chuma. Punguza tumbo la springi kidogo pale yanapogusa, siyo zaidi.

Kutu inarudi hata ukisafisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapotofautiana na mafundi wa bara. Kisu kilekile kilichokaa Masasi miaka mitatu kikiwa safi, kikiletwa Mikindani kinapata mstari mwekundu ndani ya mwezi mmoja. Watu wanalaumu chuma. Mimi ninawaambia watazame kutu inapoanzia. Ikianzia kwenye makali au katikati ya ubapa, ni unyevu wa kawaida: mtumiaji hakufuta kisu baada ya kukata ndimu au embe bichi. Lakini ikiwa mstari mwembamba pale chuma kinapoegemea fedha au shaba, ugonjwa ni mwingine kabisa.

Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinafanya kazi kama betri. Moja inaliwa, nyingine inalindwa, na kati ya chuma na fedha anayeliwa ni chuma. Hewa ya bahari ina chumvi, jasho la mkono lina chumvi, na nafasi nyembamba ndani ya mpini inashika unyevu siku nzima. Kadiri sarafu ilivyo kubwa na kipande cha chuma kilivyo kidogo, ndivyo kile kidogo kinavyoliwa haraka. Kisu chetu kiko hivyohivyo: ubapa mwembamba katikati ya mabamba mawili mapana. Shaba ya njano nayo inakula chuma, ila kwa nguvu ndogo kuliko fedha. Ni sababu nyingine ya kuweka mabamba yale.

Kusafisha peke yake hakutoshi, lazima uvitenganishe. Fungua kisu, ondoa kutu yote kwa msasa laini na mafuta, kausha juani mpaka kila kipande kiwe na joto mkononi. Kata washa mbili, yaani visahani vyembamba vyenye tundu katikati, kwenye chupa ya maji ya plastiki, kwa mkasi, tundu lake la kubana pini. Moja ikae kila upande wa ubapa. Kisha yeyusha nta ya nyuki, paka nyembamba pande zote za ndani za mabamba na ubavu wa springi, funga kisu kikiwa bado na uvuguvugu ili nta ijaze nyufa. Pini kuu iwe ya shaba ya njano, si msumari wa chuma. Nimeona msumari uliopita ndani ya rupia ukiliwa hadi kubaki shingo nyembamba kama ya nyigu, na kichwa chake bado kiko safi kwa juu. Mwenye kisu hakuona lolote mpaka siku ubapa ulipomtoka mkononi.

Mafuta nayo yana hila yake. Ufuta ni fahari ya Lindi na mimi nazimishia chuma humo, lakini usiuache kwenye kiungo. Baada ya wiki chache mafuta yake yananata, yanashika vumbi na mchanga, na kisu kinakuwa kizito kufungua. Wengi hudhani pini imebana na kuanza kuigonga bure. Tone moja la mafuta ya cherehani kwa mwezi linatosha. Kama kisu kinagusa chakula, futa ubapa kwanza. Utomvu wa ganda la korosho ni mbaya zaidi: unaunguza ngozi, na ukikauka kwenye kiungo unakuwa kama rangi ya mafuta. Uondoe siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Fedha imekuwa nyeusi

Hii si kutu na haili kisu. Ni salfa imeigusa fedha. Uliza kisu kinalazwa wapi: mara nyingi kimefungwa kwa mpira wa pesa, kimewekwa karibu na viberiti, au kimetumika kukata vitunguu na mayai ya kuchemsha. Kitunze kwenye kitambaa cha pamba kilichokauka.

Kama sarafu bado hazijafungwa kwenye mpini, au umezitoa, ziweke zikigusa chini ya sufuria kuukuu ya alumini, mimina maji yanayochemka yenye magadi na chumvi, na weusi utaondoka mbele ya macho yako huku sufuria ikipata madoa. Kisu kizima usikitumbukize kamwe. Maji ya chumvi yataingia kwenye kiungo na utakuwa umerudi kwenye ugonjwa wa kutu. Kwa kisu kilichofungwa tumia majivu laini yaliyochekechwa, kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na kidole gumba. Sugua sehemu zilizoinuka peke yake: shavu, paji la uso, herufi. Weusi ulio chini, kama kwenye manyoya ya tai aliyekaa juu ya kofia ya Kaisari kwenye rupia ya Mjerumani, uache. Ukiutoa wote picha inapotea, na mteja atakuuliza umeifutia wapi.